Kwa Nini A Ni Adimu Katika Shule za Sheria Zenye Jina Dogo

Wazazi huuliza swali hili kwa uchungu. Binti amemaliza shahada ya kwanza akiwa na alama za kujivunia. Amekwenda kusomea sheria Marekani, kwenye shule ambayo jina lake halijulikani sana hata na Wamarekani wenyewe. Amepiga msuli mwaka mzima, usiku na mchana. Matokeo yanatoka: C+ tatu, B- mbili, B moja, pamoja na barua inayosema kwamba ufadhili wake umekoma. Mzazi anakuna kichwa. Shule hii si Harvard wala Yale. Mtoto huyu alikuwa anaongoza huko alikotoka. Inakuwaje hapa, penye jina dogo, A zitafutwe kwa tochi? Shule isiyo na jina si ndiyo ingekuwa nyepesi?

Mara nyingi ni kinyume chake. Kadiri unavyoshuka kwenye orodha ya ubora ya shule za sheria za Marekani, ndivyo A zinavyozidi kuwa chache na ndivyo wanaofukuzwa kwa alama wanavyoongezeka. Jambo hili lina historia, lina hesabu zake, na ndani yake kuna fedha nyingi. Anayelielewa mapema anaweza kuepuka deni la maisha.

Kwanza tujue njia yenyewe ilivyo. Marekani mtu hasomei sheria moja kwa moja akitoka sekondari, tofauti na ilivyo Dar es Salaam au Nairobi. Huanza na shahada ya kwanza ya fani yoyote, hufanya mtihani wa kuingilia uitwao LSAT, wenye alama kati ya 120 na 180, kisha husoma miaka 3 kupata shahada iitwayo JD. Shule zenye ithibati, yaani kibali cha ubora, kutoka Chama cha Wanasheria wa Marekani, ABA, zinakaribia 200. Mwisho wa yote kuna mtihani wa uwakili unaosimamiwa na kila jimbo. Asiyeufaulu, hata awe na JD yenye muhuri wa dhahabu, kwa kawaida haruhusiwi kusimama mahakamani kumtetea mtu.

Mgao wa alama

Katika shule nyingi za sheria za Marekani mwalimu hana uhuru wa kutoa alama apendavyo. Kanuni za shule humwekea mipaka kabla hajafungua karatasi hata moja. Zinaweza kusema wastani wa darasa uwe 2.7, au A zisizidi asilimia fulani, na C na zilizo chini yake zisipungue asilimia fulani. Utaratibu huu nitauita mgao wa alama. Wastani tunaouzungumzia ni wa mizani ya 4.0, ambapo A ni 4.0, B ni 3.0 na C ni 2.0, huku B- ikihesabiwa takriban 2.7 na C+ takriban 2.3.

Tuchukue mkondo wa wanafunzi 60 wanaosoma sheria ya mikataba. Alama yote au karibu yote inatokana na mtihani mmoja wa mwisho wa muhula, na mwanafunzi anaandika namba badala ya jina ili mwalimu asimpendelee mtu. Swali ni kisa kirefu cha kubuni: mkandarasi aliahidi kumaliza nyumba kabla ya mvua, mteja akabadilisha ramani katikati ya kazi, malipo yakazuiwa, na sasa kila mmoja anamdai mwenzake. Kazi ya mwanafunzi ni kuchambua kila hoja ya kisheria iliyojificha humo. Mwalimu anasahihisha na kutoa pointi. Aliyeongoza ana 142, wa mwisho ana 71, na kundi kubwa limesongamana kati ya 100 na 112.

Hapo ndipo mgao unapoingia. Kama kanuni inaruhusu A 4, karatasi 4 za juu zinapata A. Ya tano, hata ikipungukiwa pointi moja tu, inashuka. Mkiani ni vivyo hivyo: wa C na wa C- lazima wapatikane, hata kama majibu yao yangemsaidia mteja halisi vya kutosha. Na kule katikati, pointi 3 au 4, yaani aya moja iliyosahauliwa kwa sababu muda uliisha, zinaweza kumtenganisha mwenye B na mwenye C+.

Ni kama cheti cha mbio za shuleni kinachosema umeshika nafasi ya tano bila kusema umekimbia kwa sekunde ngapi. Ukipelekwa kwenye kundi la wakimbiaji wazito utakuwa wa kwanza kwa miguu ileile, na ukichanganywa na wenye mbio utakuwa wa mwisho. Mgao unasema wewe uko wapi ukilinganishwa na walioketi chumba kimoja nawe. Hausemi unajua sheria kiasi gani.

Walioanzisha mtindo huu hawakuwa na nia mbaya. Mwaka 1908 mwanasaikolojia Max Meyer wa Chuo Kikuu cha Missouri alichapisha makala kulalamikia jinsi walimu wa chuo kimoja walivyotoa alama kwa tofauti kubwa mno, mmoja akimwaga A na mwenzake akizifungia kabatini. Alitaka alama zifuate mgawanyo unaojulikana ili A ya somo moja iwe na uzito wa A ya somo jingine. Shule za sheria zina sababu ya ziada ya kuukubali utaratibu huo, kwa kuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hugawanywa kwenye mikondo na kila mkondo una mwalimu wake kwa somo lilelile. Bila mgao, aliyepangiwa mwalimu mkali angeumia kwa bahati mbaya tu. Hoja hiyo naikubali. Shida yangu ni mahali mgao unapowekwa, na kazi nyingine unazopewa.

*Kwa ufupi: mgao hupanga watu kwa nafasi. Idadi ya A na C imeamuliwa kabla mtihani haujafanywa.*

Juu wanamwagiwa, chini wanapimiwa kwa kijiko

Yale, ambayo kwa miaka mingi ilishika nafasi ya kwanza kwenye orodha maarufu ya jarida la U.S. News, haitoi alama za herufi. Muhula wa kwanza mwanafunzi hana hata daraja: anafaulu, basi. Baada ya hapo kuna daraja la heshima, la kufaulu na la kufaulu kwa kiwango cha chini. Stanford mwaka 2008 na Harvard muda mfupi baadaye ziliziacha A na B na kufuata mtindo unaofanana na huo. Berkeley inawapa asilimia 10 ya darasa la mwaka wa kwanza heshima ya juu, asilimia 30 inayofuata heshima ya kawaida, na waliobaki wanaandikiwa kwamba wamefaulu. Shule nyingine kubwa zinazotumia herufi huweka katikati ya darasa kwenye B+, karibu 3.3.

Shuka sasa hadi chini ya orodha. Huko utakuta shule ambazo katikati ya darasa la mwaka wa kwanza ni 2.7, 2.5, hata 2.3. Mwanafunzi wa wastani wa shule kubwa ana B+ na hana presha. Mwanafunzi wa wastani wa shule ndogo ana C+, na chini kidogo ya miguu yake kuna mstari wa 2.0, ambao shule nyingi huutumia kuamua nani abaki na nani aondoke. Wanafunzi wa Tanzania wana neno lao kwa kuondolewa chuoni kwa sababu ya alama: kudisko. Darasa ambalo wastani wake umewekwa 2.4 lazima litoe watu walio chini ya 2.0, au karibu nayo kiasi cha kukosa usingizi. Shule ya juu haidiskoshi karibu mtu yeyote. Ya chini inaweza kudiskosha sehemu kubwa ya darasa kila mwaka.

Mwaka 2010 ilionekana wazi jinsi herufi hizi zinavyoweza kusogezwa. Ajira za wanasheria zilikuwa zimeanguka baada ya msukosuko wa uchumi, na Loyola ya Los Angeles, ambayo ni shule inayoheshimika na si ya mkiani, iliamua kuongeza 0.333 kwenye kila alama, zikiwemo zilizokwisha kutolewa miaka ya nyuma. Aliyelala na B- aliamka na B. Hakuna aliyeongeza ujuzi hata wa kifungu kimoja cha sheria usiku ule. Shule ilijitetea kwamba wanafunzi wake walikuwa wakionewa na waajiri waliowalinganisha na wenzao wa shule nyingine za California zenye mgao mpana zaidi. Katika miaka hiyo shule kadhaa nyingine zililegeza mgao wao kwa sababu zilezile.

Kama ni rahisi hivyo, kwa nini shule za chini zisiongeze nazo? Zinazoshikilia mgao wa kubana zina sababu tatu. Mwajiri, zinasema, anataka kujua walio bora, kwa hiyo alama zitawanyike. Pia mtihani wa uwakili uko mbele, na ni heri mtu aambiwe ukweli mapema. Sababu ya tatu haitajwi sana kwenye mikutano ya kukaribisha wanafunzi wapya: ufadhili. Hiyo ndiyo inayogusa mfuko wa familia, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Ufadhili unaotolewa kwa mkono mmoja

Shule ya jina dogo inahitaji wanafunzi wenye LSAT nzuri ili takwimu zake zipande na isogee juu kwenye orodha. Inawavutia kwa ufadhili. Mwanafunzi anaambiwa: ada ni dola 50,000 kwa mwaka, sisi tutakulipia 25,000 kwa miaka yote 3, mradi wastani wako usishuke chini ya 3.0. Kijana ambaye maisha yake yote hajawahi kupata chini ya B anaona 3.0 ni kitu kidogo. Anatia saini akiwa na furaha, na nyumbani watu wanapiga vigelegele.

Tufanye hesabu kwa shule ya mfano. Darasa la mwaka wa kwanza lina wanafunzi 200. Waliopewa ufadhili wenye sharti la 3.0 ni 120. Mgao wa shule umewekwa hivi kwamba theluthi moja tu ya darasa, watu 66, wanaweza kufikisha 3.0. Sasa chukulia kwamba nafasi hizo 66 zote zimeshikwa na wenye ufadhili, yaani hali bora kuliko zote kwao. Bado 54 lazima waupoteze. Hata wakisoma wote kwa bidii sawa, hata wote wakiwa na vipaji, 54 watapoteza, kwa kuwa nafasi hazipo. Na katika hali halisi watakuwa wengi zaidi, maana baadhi ya nafasi za juu huchukuliwa na wasio na ufadhili. Shule itakuwa imeokoa dola 25,000 kwa kila mmoja kwa miaka 2 iliyobaki. Kwa watu 54 hiyo ni dola 2,700,000.

Shule inayapanga yote mawili, idadi ya wafadhiliwa na idadi ya watakaofikisha sharti. Inajua mapema kwamba ahadi haitatimia kwa wote. Mwanafunzi hajui. Hicho ndicho kinachonikera katika mfumo huu. Mtu mzima anayekubali kushindana akiwa anaujua ushindani hajaonewa. Lakini kijana wa miaka 22 anayeambiwa adumishe wastani, bila kuambiwa kwamba wastani huo umepimwa kwa ajili ya theluthi moja, amepewa nusu ya habari, na nusu aliyonyimwa ndiyo yenye bei.

Mwaka 2011 gazeti la The New York Times lilichapisha uchunguzi mrefu kuhusu ufadhili wa aina hii, likiitumia Golden Gate ya San Francisco kama mfano mkuu, na sharti lake lilikuwa 3.0. Makelele yaliyofuata yalizaa matunda. ABA ikazitaka shule zichapishe kila mwaka idadi ya waliopewa ufadhili wenye masharti na idadi ya waliopunguziwa au kunyang'anywa. Tangu hapo baadhi ya shule zimeuacha mtindo huo kabisa, na ni jambo la kupongezwa. Nyingine zimeendelea nao, zikiamini kwamba ni wachache watakaofungua jedwali.

Kuna madhara mengine, ya taratibu. Wanaoongoza darasa mwaka wa kwanza mara nyingi huomba uhamisho kwenda shule za juu zaidi, na wengi hukubaliwa, kwa sababu alama za mwanafunzi anayehamia haziingii kwenye takwimu za LSAT za shule inayompokea. Shule ndogo inabaki bila vichwa vyake vya mbele. Aliyepoteza ufadhili lakini hana alama za kuhama anabaki akilipa ada kamili, na ni yeye anayegharimia ufadhili wa darasa linalofuata.

*Kwa ufupi: mgao ukiunganishwa na sharti la wastani, kupotea kwa ufadhili ni jambo lililopangwa. Juhudi za mwanafunzi huamua nani apoteze. Haziamui wangapi wapoteze.*

Mtihani usiojali chumba ulichoketi

Mtihani wa uwakili unafuata kanuni nyingine. Hapo hakuna mgao. Kuna alama ya kufaulu iliyowekwa, na anayeifikia anapita hata wakipita wote. Sehemu kubwa ya majimbo imekuwa ikitumia mtihani wa pamoja ambao New York, kwa mfano, hupitisha kwa alama 266 kati ya 400. Ndani yake kuna maswali 200 ya kuchagua, na baadhi ya maswali hurudiwa kutoka mitihani ya nyuma ili watunzi wajue kama watahiniwa wa mwaka huu ni wazuri au wabaya kuliko wa mwaka jana. Kwa hiyo alama inaweza kulinganishwa mwaka hadi mwaka, jambo ambalo B ya darasani haiwezi.

Wasomaji wa Tanzania walilionja jambo la aina hii mwaka 2022, yalipotoka matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania) jijini Dar es Salaam na kuonyesha kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofaulu masomo yote ni 26. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na mjadala ukahama haraka kutoka kwenye taasisi hiyo hadi kwenye vyuo vilivyowaandaa wanafunzi. Ndivyo kipimo kisichosogea kinavyofanya kazi. Kinamhoji mwanafunzi, kisha kinamhoji aliyemfundisha.

Marekani swali hilo lilifika kwa kishindo kuanzia 2014. Idadi ya walioanza mwaka wa kwanza wa sheria ilikuwa zaidi ya 52,000 mwaka 2010. Kufikia 2015 ilikuwa imeshuka hadi takriban 37,000, baada ya vijana kuona kwamba ajira hazipo na madeni yapo. Shule za juu zilipunguza madarasa. Nyingi za chini, zinazoishi kwa ada, zilishusha kiwango cha LSAT ili kujaza viti. Julai 2014 wastani wa kitaifa wa yale maswali 200 ulianguka kutoka 144.3 hadi 141.5, na mwaka uliofuata ukashuka chini ya 140. Bodi inayotunga mtihani ilisema watahiniwa walikuwa na uwezo mdogo kuliko waliowatangulia. Wakuu wa shule waliulaumu mtihani.

Tazama sasa kilichokuwa kikitokea madarasani. Kiwango cha wanaoingia kimeshuka, lakini mgao haujabadilika. A ni zilezile 4 katika wanafunzi 60, na wastani ni uleule 2.7. Ukizisoma hati za matokeo peke yake hutajua kwamba kuna kitu kimeharibika. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba shule inayotoa C nyingi ni shule yenye viwango vikali. Mgao wa kubana unaweza kukaa vizuri kabisa ndani ya shule iliyoshusha kila kitu kingine.

Mfano wa kuumiza ni shule tatu zilizomilikiwa na kampuni ya InfiLaw, iliyokuwa chini ya wawekezaji binafsi wa Chicago: Charlotte ya North Carolina, Arizona Summit ya Phoenix na Florida Coastal ya Jacksonville. Zilikuwa za kibiashara, zilikua haraka, na zilipokea wanafunzi wengi wenye LSAT ya chini. ABA iliiweka Charlotte chini ya uangalizi Novemba 2016, mwezi uliofuata serikali kuu ikaizuia kupokea mikopo ya wanafunzi, na Agosti 2017 ikafungwa. Arizona Summit ilinyang'anywa ithibati mwaka 2018. Florida Coastal ilikataliwa mikopo ya serikali mwaka 2021, nayo ikafunga. Wanafunzi wa shule zote hizo walikuwa wakipangwa kwa alama kila muhula. Kupangwa huko hakukuwakinga na kitu.

Je, si bora kuambiwa mapema?

Watetezi wa mgao wa kubana wana hoja moja nzito, na si haki kuipita juu juu. Alama za mwaka wa kwanza wa sheria zinahusiana kwa karibu na kufaulu mtihani wa uwakili. Mwanafunzi aliye mkiani mwa darasa la shule ya mkiani ana hatari kubwa ya kushindwa. Akidisko baada ya mwaka mmoja, deni lake ni la mwaka mmoja. Akibembelezwa kwa B za huruma hadi mwisho, atatoka na deni la miaka 3 na shahada isiyomfungulia mlango. Katika hali hiyo, wanasema, huruma ya kweli ni kumwondoa mapema.

Ni kweli kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Kwa shule nzima mambo ni tofauti. Kama shule inapokea watu 200 ikijua kwa uzoefu wa miaka kwamba 50 wataondolewa, basi mwaka wa kwanza umegeuka kuwa mtihani wa kuingilia ambao mtahiniwa anaulipia dola 50,000. Wanaoondolewa hawahesabiwi kwenye takwimu za kufaulu uwakili, hivyo takwimu hupendeza, na ada yao imeshaingia benki. Huko nyuma wakuu wa shule walijigamba hadharani siku ya kwanza, wakiwaambia wanafunzi wamtazame wa kulia na wa kushoto kwao kwa sababu mmoja kati yao watatu hatamaliza. Wakati huo ada ilikuwa ndogo, na aliyeondoka alirudi kwao bila kudaiwa.

Wasimamizi wameanza kubana. Kanuni ya ABA inasema shule isipokee mtu asiyeonekana kuwa na uwezo wa kumaliza na kufaulu uwakili, na shule inayopoteza zaidi ya asilimia 20 ya darasa, ukiacha waliohama, huhesabiwa kuwa imekiuka mpaka ithibitishe vinginevyo. Mwaka 2019 ikaongezwa nyingine: angalau asilimia 75 ya wahitimu wanaofanya mtihani wa uwakili wawe wamefaulu ndani ya miaka 2. Kanuni hizi mbili zikifanya kazi pamoja zinaifunga milango ya pande zote. Huwezi kuwafukuza wengi ili takwimu ing'ae, na huwezi kuwabakiza wote bila kuwafundisha.

California ina njia nyingine inayonivutia. Wanafunzi wa shule zisizo na ithibati, na wanaosomea sheria ofisini kwa wakili, hulazimika kufanya mtihani wa jimbo baada ya mwaka wa kwanza, katika sheria ya mikataba, ya madhara na ya jinai. Huo ndio mtihani ambao Kim Kardashian aliufaulu mwaka 2021, mara yake ya nne. Anayetunga na kusahihisha si mwenye kupokea ada. Mwanafunzi anaambiwa anajua sheria kiasi gani, na haambiwi yeye ni wa ngapi chumbani. Kama kweli lengo la shule za chini ni kumpa mwanafunzi ukweli mapema, basi kipimo cha namna hiyo kingeutoa vizuri zaidi kuliko mgao.

Kabla ya kutia saini

Familia nyingi za Waswahili zilizoko Minneapolis, Columbus, Houston na kwingineko zina watoto wanaoifikia hatua hii sasa. Kila shule yenye ithibati hutakiwa kuchapisha ripoti ya takwimu zake kufikia tarehe 15 Desemba ya kila mwaka, na ABA hutoa majedwali ya kufaulu uwakili. Ni bure, na yanasomeka kwa dakika chache. Tafuta haya:

- Ni wangapi walipewa ufadhili wenye masharti, na wangapi waliupoteza? Kama jedwali halina kitu kwa sababu shule haitoi ufadhili wa aina hiyo, hiyo ni habari njema.
- Ni asilimia ngapi ya mwaka wa kwanza waliondoka kwa sababu za kitaaluma, na wangapi walihama?
- Ni wangapi walifaulu uwakili ndani ya miaka 2? Usitosheke na matokeo ya Julai moja iliyokwenda vizuri.
- Mgao wa mwaka wa kwanza ni upi hasa? Hili pengine halimo kwenye ripoti. Muulize afisa wa udahili kwa maandishi: wastani wa darasa umewekwa wapi, na ni sehemu gani ya darasa inayofikisha wastani wa ufadhili?

Swali la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote, na lifuatwe na ombi: sharti la wastani lifutwe, au libadilishwe kuwa kubaki tu na hadhi nzuri ya kitaaluma. Ofa za shule za sheria hujadiliwa. Shule iliyokuja na dola 25,000 ilikuja kwa kuwa inaihitaji LSAT ya mtoto wako, na kabla ya kutia saini ndio wakati pekee ambao yeye ana nguvu mezani.

Hesabu hizi zimekuwa nzito zaidi tangu sheria ya mikopo ilipobadilishwa mwaka 2025. Kwa karibu miaka 20 serikali kuu ilikuwa ikimkopesha mwanafunzi wa sheria gharama yote iliyobaki, iwe kubwa kiasi gani. Kwa wakopaji wapya, kuanzia tarehe 1 Julai 2026, kuna kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla katika shahada za kitaaluma kama sheria. Golden Gate, ile ya uchunguzi wa 2011, haikusubiri kuona hilo: ilisitisha shahada yake ya JD mwaka 2024 baada ya zaidi ya karne moja ya kufundisha sheria. Kwenye shule zilizobaki, mwanafunzi atakayepoteza ufadhili katikati ya safari huenda akajikuta amegonga kikomo cha serikali na kwenda kukopa benki, ambako ataombwa mdhamini. Mdhamini huyo, mara nyingi, atakuwa mama au mjomba.